Magunia Yenye Bitana

Mchungaji wetu alitangaza juma la toba Jumapili moja ya mwisho wa Januari, wakati hata maua ya plastiki ya madhabahuni yalikuwa yamepoteza rangi kwa vumbi. Mvua zilianza vizuri mwezi wa kumi na mbili, watu wakapanda, mtama ukafika magotini, halafu mbingu zikafunga. Wiki tatu zilipita bila tone. Mashamba ya kule Mkonze yaligeuka rangi ya kaki, na sisi wa mjini, tuliokuwa tukijifanya hatulimi, tulianza kuchungulia mapipa yetu ya unga kila asubuhi kana kwamba yangeweza kujijaza yenyewe.

"Tutavaa magunia," alisema mchungaji. "Kama walivyofanya watu wa Ninawi. Wazee wote wa kanisa, viongozi wa kina mama, na mimi mwenyewe. Jumapili ijayo tutaingia humu kwa magunia na majivu, na Mungu atatuona."

Watu waliitikia amina. Mimi niliitikia kwa nguvu kuliko jirani zangu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ipagala, na sare za kwaya zote mbili nimezishona mimi. Nilijua kazi ile ingekuja kwangu na nilifurahi. Nalisema hili mapema, isije ikaonekana kwamba nilikuwa mtakatifu tangu mwanzo.

Magunia yaliletwa Jumatatu kwa pikapu ya mmoja wa wazee. Siku hizi nafaka huwekwa kwenye viroba vya plastiki, kwa hiyo gunia la katani limekuwa kitu cha kutafutwa. Waliyapata ya zamani kwenye ghala fulani, yamelundikwa humo miaka. Yalinuka. Yalinuka dagaa waliooza, mafuta ya alizeti yaliyochacha, na juu ya yote hayo, mkojo wa panya. Nilipokung'uta la kwanza, vikaanguka vinyesi, mabawa ya mende, na kitoto cha panya kilichokauka kama kipande cha tangawizi. Nilikimbilia nyuma ya kibanda nikatapika chai yote niliyokunywa. Niliyaloweka kwa sabuni ya unga kutwa nzima, maji yakatoka meusi, nikayamwaga, yakatoka meusi tena. Jioni mikono yangu ilikuwa imejaa vipele mpaka kwenye viwiko.

Hata hivyo karaha hiyo niliiheshimu, kwa sababu magunia nayajua. Kijijini kwetu gunia lilikuwa koti la mvua: unaingiza pembe moja ndani ya nyingine, unalivaa kichwani, linakufunika mpaka mgongoni, unakwenda kuchunga. Lilikuwa godoro, lilikuwa mlango wa jiko. Baba alipofariki, mama alilala sakafuni juu ya gunia mpaka matanga yalipoanuliwa, na asubuhi nilikuwa naziona alama za nyuzi kwenye shavu lake, vijimraba vidogo vidogo, kama mtu aliyepigwa muhuri.

Kwa hiyo niliposikia habari za watu wa kwenye Maandiko waliovaa magunia, sikuhitaji mwalimu wa kunifafanulia. Yule baba aliyeletewa kanzu ya mwanawe ikiwa na damu, alijifunga gunia viunoni akakataa kufarijiwa. Yule mama ambaye wanawe walitundikwa, alitandika gunia juu ya mwamba akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege wasiiguse miili yao. Na gunia hilohilo ndilo ambalo ndugu walibebea nafaka toka Misri wakati wa njaa. Niliona ni jambo moja. Gunia ni nguo ya chakula. Chakula kikiisha linabaki tupu, na mtu anayelivaa anamwambia Mungu: huyu ndiye mimi, nimebaki hivi, sina cha kukuonyesha. Kwetu Ugogoni hakuna kinachotisha kama gunia tupu lililokunjwa pembeni mwezi wa pili.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza nilipokuwa nikiyaanika. Kesho yake wakaanza kuja kupimwa.

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mpana, mstaafu, mwenye sauti ya kuongoza vikao. Alilishika gunia kwa vidole viwili akalisugua shingoni. Aliruka kama aliyeumwa na siafu.

"Hili linachoma, mama fundi."

"Ni gunia, mzee."

"Najua ni gunia. Weka bitana."

Nilidhani ananitania, kwa sababu bitana ni kitambaa cha ndani ya koti la harusini, koti la bosi, kazi yake ni kuifanya nguo iteleze mwilini. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Satini," alisema. "Ile laini. Nani ataona? Nje ni gunia, ndani tunaimudu ibada. Unajua ibada yenyewe itachukua saa nne?"

Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imewafikia wenzake, na kila mmoja akapiga simu kuulizia bitana. Mwenyekiti wa kina mama alikuja na satini yake mwenyewe, ya bluu, iliyobaki kwenye sare za harusi ya binti yake. Huyu nilikuwa namheshimu. Alinishika mkono nilipofiwa. Alitaka kiuno kibanwe na mikono ivimbe mabegani. "Lisinifanye nionekane kama mzigo wa mahindi," alisema, huku akijigeuza mbele ya kioo changu. Mchungaji alikuja wa mwisho. Alitaka zipu mgongoni, mfuko wa ndani wa simu, na msalaba wa uzi wa dhahabu kifuani.

"Uzi wa dhahabu kwenye gunia, mchungaji?"

"Kazi ya Mungu lazima iwe na ubora, mama. Bwana asifiwe."

"Amina," nilimjibu. Ndiyo. Nilisema amina, nikauchukua uzi.

Nilishona majoho kumi na mawili. Kwa kila moja nilikata satini, nikaipiga pasi, nikaipachika ndani ya lile gunia lililonitapisha, na kila nilipopitisha mkono kuangalia kama imekaa sawa, ulaini ule ulinipa kichefuchefu kuliko kile kitoto cha panya. Panya alikufa akiwa panya. Haya nilikuwa sijui niyaite nini.

Alhamisi mchana alikuja bibi mmoja kutoka Mkonze, mjane, ambaye Jumapili huwa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Alikuwa ametembea. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini, na kwapani alikuwa amebana gunia lililokunjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nikatie hapa kichwa, na hapa mikono. Basi."

Nililikunjua. Lilikuwa gunia la katani la siku nyingi, limeshonwa viraka kwa uzi wa mkonge, safi kwa namna ya vitu vya watu waliotunza kidogo walicho nacho. Lilinuka moshi na uwele. Nilimwambia ngozi yake ya uzeeni itachubuka, nina vipande vya satini vimebaki, nimuwekee angalau shingoni bila malipo.

Kiswahili chake ni cha kutafuta neno mojamoja.

"Ukiweka laini, mimi nitajuaje kama nimevaa?"

Nikachukua mkasi. Alipoona nasita, alikaa kwenye kigoda na kunieleza, bila kulia, kwa sauti ya mtu anayesimulia njia ya kwenda kisimani. Mwaka mmoja wa njaa, zamani, mumewe alikuwa ameondoka kwenda kutafuta vibarua. Ndani walikuwa na uwele nusu gunia. Gunia hili. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuja na mtoto mgongoni akaomba kibaba kimoja cha uji.

"Nikamwambia hatuna. Gunia lilikuwa chini ya kitanda, nimelifunika ngozi ya ng'ombe. Nikamwambia, wifi, hatuna kabisa. Mtoto hakumaliza wiki."

Niliuweka mkasi mezani.

"Sasa wifi anaishi hapa Ipagala, kwa binti yake," aliendelea. "Anasali kanisa letu, yule mrefu anayechechemea. Mchungaji amesema toba. Basi mimi nitavaa, nitapiga magoti mbele yake, watu waone."

Nilikata tundu la kichwa na mawili ya mikono. Nilipotaka kukunja pindo ili nyuzi zisimchome, alinishika mkono na kusema inatosha.

Jumapili kanisa lilijaa. Kulikuwa na wageni kutoka makanisa mengine, mpiga picha mwenye kamera kubwa, na spika mbili nje kwa ajili ya majirani. Waumini wa kawaida tuliambiwa kuvaa kipande cha gunia shingoni. Mimi nilikuwa na changu. Wale kumi na wawili walijipanga mlangoni ndani ya majoho yangu, wamenyooka, wamependeza. Hilo ndilo neno, wamependeza. Majivu yalikuwa kwenye bakuli la kioo. Niliuliza kwa nini yanang'aa, mmoja wa kina mama akaniambia wameyachekecha na kuyachanganya na mafuta ya kujipaka ili yasidondoke kwenye nguo. Walipakana kwa kidole kimoja, kidogo, katikati ya paji, huku mwenyekiti wa kina mama akijitazama kwenye simu.

Hapo ndipo bibi wa Mkonze alipofika. Gunia lilimfika chini ya magoti, chini yake khanga iliyochakaa, mabega yakiwa wazi, makavu. Majivu alikuwa amejimwagia kichwani nyumbani, ya mafiga, yenye vipande vya mkaa, na jasho la safari lilikuwa limeyachora mashavuni. Ngozi ya shingo ilikuwa imeshaanza kutoa damu.

Mwenyekiti wa kina mama alimzuia kwa kiganja.

"Bibi, hapana. Umevaa nini?"

"Gunia. Tumeambiwa gunia."

"Linanuka, bibi. Na uko uchi mabegani. Kuna wageni, kuna picha. Kakae kule nyuma jikoni, tutakuletea chakula."

Nilikuwa hatua tatu kutoka walipokuwa. Bibi aligeuka kidogo, akaniona, na nadhani alingoja niseme kitu. Kwaya ilianza. Nikafungua mdomo nikaimba. Sauti ya pili, bila kukosea.

Mchungaji alihubiri habari za mfalme wa Ninawi, jinsi alivyosikia onyo, akashuka kwenye kiti chake cha enzi, akavua joho lake, akaketi majivuni. Alihubiri vizuri. Nyuma yake vilikuwa vile viti vya velvet vyekundu vya wazee, na wazee walikuwa wamekaa juu yake. Upepo wa saa tano uliingia madirishani ukileta harufu ya pilau, kwa sababu mbuzi walikuwa wamechinjwa kwa ajili ya wageni, na watu waliotangaza kufunga wiki nzima walikuwa wakimeza mate huku wamefumba macho. Nililisikia koo la mtu wa nyuma yangu.

Joto la mwezi wa pili unalijua. Satini haipitishi hewa. Mwenyekiti wa wazee alianza kufuta jasho, kisha akafungua kifungo kimoja, viwili, vitatu, mpaka joho likaachia kifuani na ile bitana ikachomoza, nyeupe, inameremeta, imelowa jasho lake. Akaishika pindo akawa anajipepea nayo. Niliona mishono yangu. Ilikuwa mizuri.

Nikamkumbuka mfalme mwingine, ambaye mchungaji hakumtaja. Mji wake ulikuwa umezingirwa, njaa imewafikisha watu kula visivyotajika, na mwanamke mmoja akamlilia kuhusu mtoto. Mfalme alirarua mavazi yake alipokuwa akipita juu ya ukuta, na watu walipotazama, kumbe ndani, juu ya ngozi yake, alikuwa amevaa gunia. Hakuna aliyekuwa akijua. Hakuwa amemwambia mtu. Nje ufalme, ndani gunia. Na mimi nilikuwa nimekaa nikitazama nguo kumi na mbili nilizozigeuza kinyume chake kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilisimama katikati ya mahubiri, nikapita mbele za magoti ya watu, nikatoka. Kile kipande cha shingoni nilikitupa kwenye pipa la taka.

Bibi alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na masufuria. Mbele yake palikuwa na beseni la matumbo ya mbuzi, inzi wamelifunika mpaka halionekani rangi, na vichwa viwili vimewekwa juu ya bati, macho wazi. Wapishi walikuwa wakicheka, wakimwita "nabii". Alikuwa ameweka mikono mapajani, anangoja, kama mtu aliye kituo cha afya.

"Bibi, nisamehe," nilimwambia.

"Wifi simuoni," alijibu. Langu halikuwa na nafasi kichwani mwake.

"Anaumwa miguu, wiki hii hakuja. Nyumba yao naijua."

"Nipeleke."

Tulikwenda kwa miguu. Njiani watu walisimama kututazama, mwanamke mmoja akamvuta mwanawe ndani, na dereva wa bajaji akapunguza mwendo ili atupige picha. Mimi nilikuwa na gauni langu la Jumapili, safi. Sikumbuki nguo iliyowahi kunitia aibu kama lile gauni.

Wifi alikuwa amekaa mkekani barazani, miguu imevimba, anachambua choroko kwenye ungo. Ni mwanamke mkavu, mrefu, ambaye kanisani hucheka mara chache. Bibi alisimama mbele yake.

"Mbukwa," bibi alimsalimu.

"Mbukwa," wifi alijibu, kwa mazoea, kabla hajainua kichwa. Kisha akainua.

Bibi alipiga magoti kwenye vumbi. Alisema kwa Kigogo, kwa kifupi, na mimi nilielewa: siku ile uwele ulikuwepo, chini ya kitanda, nilikudanganya, mtoto akafa. Alilishika gunia kifuani na kusema ni hili.

Wifi aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe kimoja, akakitupa. Akatoa kingine.

"Nilijua," alisema hatimaye, kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie. "Jioni ile nilipita nyuma ya nyumba yako. Nilisikia harufu ya uji."

Bibi aliinamisha kichwa mpaka majivu yakadondoka vumbini.

"Miaka yote hii nimekuwa nikikuona kanisani benchi la nyuma, nawaza, huyu atakufa na lile neno au atalisema? Nikasema, nikitangulia kufa kabla hajalisema, nitamshtaki huko." Akaweka ungo chini. "Simama. Shingo yako inatoka damu."

"Umenisamehe, wifi?"

"Sijui. Usiniulize leo." Akamwita binti yake alete maji ya uvuguvugu na khanga. "Na hilo litoe. Umelivaa vya kutosha."

Nilimsaidia kulivua. Lilikuwa limegandia ngozi kwenye ukosi na mabegani, na tulilazimika kulilowesha kwanza. Chini yake palikuwa na vile vijimraba vya nyuzi, vyekundu. Binti alimfunga khanga, akampa chai. Wale wawili walikunywa bila kusemezana, na mimi niliona sina kazi pale, nikaaga.

Mvua ilinyesha siku tisa baadaye. Iliokoa alizeti, mtama ulikuwa umeshakufa. Mchungaji alitangaza kwamba magunia yamejibiwa, na picha ya wale kumi na wawili ikawekwa kwenye kalenda ya kanisa, mwezi wa pili, wanatabasamu. Kalenda hiyo nililetewa kibandani kama zawadi. Nilipoitazama nilisikia tena ile harufu ya pilau, nikaigeuza uso ukutani, kisha nikaona hilo nalo ni unafiki, nikaichana nikawashia jiko.

Nilimwendea mwenyekiti wa kina mama, nikamwambia niliona alivyomfukuza yule bibi na kwamba mimi niliyenyamaza sina tofauti naye. Aliniambia nina uchovu, niombe. Tangu hapo kazi za kanisa wanampelekea fundi mwingine wa Area D, na sijutii, ingawa Jumapili bado naenda kusali palepale. Nimehamia nyuma.

Mwezi wa tano nilipita kumjulia hali yule wifi. Nilimkuta bibi wa Mkonze yuko naye barazani, wamekaa pembe mbili za mkeka, wanapukuchua mahindi machache ambayo mtu aliwapa. Nilipokwenda jikoni kuwaletea maji, wifi alinifuata akichechemea.

"Huyu anakuja kila Jumatano," alininong'oneza. "Simpendi. Uso wake bado unanichefua."

"Sasa mbona unamkaribisha, mama?"

Alichukua kikombe mkononi mwangu, akakisuuza upya ingawa kilikuwa safi, akajaza maji.

"Wiki iliyopita alichelewa," alisema. "Nilitoka mpaka barabarani kumtazamia." Akarudi barazani akampa wifi yake maji.